Ng'ombe ni Neno Moja

Nilikikuta kwenye orodha ya mayatima,
kifurushi cha kilobaiti arobaini.
Mlezi wake wa mwisho ameacha ujumbe:
"Nimechoka. Achukuaye na achukue."
Kazi yake ni moja, kuhesabu maneno.
Ukipe waraka, kikupe idadi, kinyamaze.
Hakina picha, hakina kitufe, hakina rangi,
kama yule fundi saa wa Lurambi
asiyekusalimu mpaka amalize.

Nikasema, huyu nitamlea.

Mchana nauza dawa za mifugo dukani kwa Bi. Imali,
ya kupe kwa mililita, chumvi kwa kilo.
Usiku, mvua ya Kakamega ikishamaliza ugomvi wake na mabati
na umeme ukiona haya kurudi,
nafungua kompyuta niliyoachiwa na Andalo,
ile isiyo na herufi R mpaka uibonyeze kwa kucha.

Kufunga kifurushi si kufunga tu.
Kwanza waulizwa, mwana huyu ni wa nani?
Kila faili na baba yake, kila baba na leseni yake.
Faili ya saba haikuwa na kitu,
jina tu la mtu wa Bergen, na mwaka wa tisini na nane.
Nikamwandikia.
Mahindi yakapandwa, yakapaliliwa mara mbili,
yakaota ndevu, ndipo akajibu:
"Sikujua kuna anayekitumia bado. Weka leseni unayotaka."
Nikafurahi, kisha nikakunja uso.
"Unayotaka" si leseni.
Nikamrudia: Mzee, tafadhali, itaje kwa jina.

Halafu vitegemezi.
Umemwalika mjomba peke yake,
kaja na shemeji, na jirani wa shemeji,
na mtoto ambaye hakuna anayekiri kuja naye.

Siku ya kukijaribu nilikipa barua ya chifu
kuhusu chanjo ya mifugo. Nilikuwa nimeihesabu kwa kidole:
maneno mia mbili na kumi na mawili.
Chenyewe kikasema mia mbili thelathini na moja.
Kumi na tisa ya ziada! Yametoka wapi?
Nikatafuta hadi jogoo wa kina Mukhwana akawika,
nikayaona. Kila penye ritifaa, kimekata.
*Ng* huku, *ombe* kule,
kichwa upande huu wa ua, kiwiliwili upande ule.
Ng'ombe kumi na saba wamechinjwa kwa barua moja,
ya chanjo,
na ng'ambo ya mto, na kung'oa vigingi.

Aliyekiandika hakuwa na ubaya.
Kwao alama ile ni ya kufunga nukuu, mlango wa neno.
Kwetu ni pua ya neno, ndiyo inayopumua.

Nikashona kiraka cha mistari mitatu.
Lakini kiraka hakikai kwako, ndiyo desturi ya kazi hii;
hupandishwa mto hadi kwa aliye chemchemini.
Mimi wa bondeni mwa Isiukhu sihitaji kufunzwa hilo.
Mara hii mtu wa Bergen alijibu kwa siku mbili:
"Kimeingia. Lakini ng'ombe ni nini?"
Nikamtumia picha ya fahali wa Shinyalu,
vumbi pembeni, macho ya kudai deni.

Jumanne nikatia sahihi kwa ufunguo wangu,
ghala likapokea.
Hakuna aliyepiga kigelegele.
Takwimu zinasema waliokisakinisha ni wanne.
Mmoja ni mimi.

Bi. Imali akaniona nasinzia juu ya mizani.
"Wewe, usiku unafanya nini?"
"Nahesabu ng'ombe."
"Wa nani?"
Nikakosa jibu la haraka.
"Wangapi, basi?"
"Kumi na saba," nikasema. "Wote wazima."